Uvimbe hauinuki, kitanzi hakikati: utatuzi wa matatizo ya vifaa vya kuondoa uvimbe wa utumbo mpana kwa endoskopi

Mwongozo huu ni wa wanaofanya kazi ndani ya chumba cha endoskopi: daktari anayeshika skopu (mrija wenye kamera unaoingizwa ndani ya utumbo), muuguzi anayefungua na kufunga kitanzi, na fundi wa vifaa tiba anayeitwa mambo yakikwama. Unahusu njia mbili za kuondoa uvimbe wa utumbo mpana bila kupasua tumbo. Ya kwanza ni EMR: uvimbe huinuliwa kwa majimaji ya sindano, kisha hukatwa kwa kitanzi cha waya, ama kwa kipande kimoja au vipande kadhaa. Ya pili ni ESD: uvimbe huchunwa taratibu kwa kisu cha umeme mpaka utoke mzima. ESD ilianzia Japani katika miaka ya 1990, kwanza kwenye tumbo la chakula. Ilipohamia utumbo mpana ilikuta ukuta mwembamba zaidi, mikunjo mingi na nafasi finyu ya kugeuzia skopu. Kofia za plastiki zinazovikwa ncha ya skopu, klipu (vibanio vidogo vya chuma) za kuvuta nyama na mirija yenye maputo vimeenea kwa sababu ya ugumu huo.

Jambo moja lishikwe kabla ya kuendelea. Dalili nyingi ambazo kifaa hulaumiwa kwazo chanzo chake si kifaa. Angalia kwanza nyama yenyewe, kisha mkao wa skopu na wa mgonjwa, kisha mzunguko wa umeme, na kifaa kiwe cha mwisho. Anayekimbilia kufungua pakiti mpya hupoteza muda, na vibaya zaidi, huenda akaliruka onyo ambalo ukuta wa utumbo umekwisha kumpa.

Humu nitauita utando wa ndani kabisa "utando telezi", na lile tabaka laini lililo kati yake na msuli nitaliita "tabaka la kati". Kazi yote ya EMR na ESD hufanyika ndani ya tabaka hilo la kati.

Dalili: umedunga, lakini uvimbe hauinuki

Hii ndiyo dalili yenye maana nzito kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Sababu ya kawaida kabisa ni kina cha sindano. Majimaji yakimwagika kwenye uwazi wa utumbo, ncha haijaingia vya kutosha. Bomba la sindano likisukumika kwa urahisi na hakuna lengelenge linaloonekana, huenda ncha imeupita ukuta mzima na majimaji yanaishia upande wa pili. Likitokea lengelenge dogo la rangi nzito, lenye kingo kali, na bomba likawa gumu, ncha imo ndani ya utando telezi wenyewe. Dawa ya zote tatu ni moja. Choma kwa mshazari, si wima. Muuguzi aanze kusukuma polepole huku daktari akirudisha sindano kidogo kidogo. Ncha ikifika tabaka la kati, lengelenge litafura ghafla na kwa ulaini. Hapo usimame, elekeza ncha kwenye uwazi wa utumbo na uendelee kujaza. Muuguzi aseme kwa sauti kila anachokihisi mkononi: inaingia, imekuwa ngumu, imeachia. Kimya cha muuguzi humnyima daktari nusu ya taarifa.

Sindano iliyoziba huja baada ya hapo. Itoe, isukume nje, uone kama majimaji yanatoka kwa mstari. Majimaji mazito hayapendi sindano nyembamba. Kumbuka kwamba kwenye vipimo vya sindano namba ndogo ndiyo nene, hivyo 23 hupitisha kwa urahisi kuliko 25.

Kama lengelenge linainuka vizuri kisha linazama baada ya dakika chache, hilo si kosa la mtu. Maji ya chumvi hutawanyika upesi. Kwa uvimbe mpana, tumia majimaji yanayokaa zaidi, kama jelatini iliyotengenezwa kwa ajili ya mishipa, wanga wa haidroksiethili au asidi ya hialuroniki. Ongeza rangi, indigo kamini au methilini bluu, ili tabaka la kati lionekane la buluu na mipaka ya uvimbe ijitokeze. Wengi huongeza adrenalini ya 1:100,000 kupunguza damu. Kuna jeli nzito zilizotengenezwa mahususi kwa kazi hii ambazo zimeripotiwa kubaki kwenye nyama na kuleta vinundu vya kinga ya mwili, vinavyoweza kumchanganya mwanapatholojia (mtaalamu wa maabara anayechunguza nyama iliyotolewa). Ukiitumia jeli ya namna hiyo, iandike kwenye fomu ya sampuli.

Zikiisha hizo, zinabaki mbili: kovu na saratani iliyozama.

Kovu hutokana na baiopsi (vipande vidogo vya nyama vya kupimwa) nyingi zilizochukuliwa awali, jaribio la kuondoa lililoachwa katikati, au wino wa alama uliodungwa karibu mno. Fungua faili la mgonjwa usome kilichofanyika mara ya mwisho. Kovu huonekana kwa umbo lake: kingo zinainuka, katikati kunabaki kumeshikwa chini.

Saratani iliyoingia ndani ya tabaka la kati pia hushika uvimbe chini. Ishara hii ya kutoinuka ilielezwa na madaktari wa Japani mwaka 1994, na mpaka leo haijapitwa na wakati, ila haitoshi peke yake kwa sababu kovu huiga sura hiyo hiyo. Isome pamoja na uso wa uvimbe. Washa mwanga wa kuonyesha mishipa, kuza picha ikiwa skopu inaruhusu, na uchunguze sehemu iliyobonyea au kinundu kilichosimama peke yake. Mishipa iliyokatikakatika na vishimo vya utando vilivyopotea mpangilio vinasema saratani imeshuka.

SIMAMA HAPA ikiwa uvimbe hauinuki na uso wake una dalili hizo. Usikate vipande "ili kupunguza". Chukua baiopsi kwenye eneo linalotia shaka, weka wino angalau sentimita 3 kutoka kwenye uvimbe, piga picha za kutosha, na mpeleke mgonjwa kwenye kikao cha madaktari wa upasuaji na saratani. Ikiwa unaamini ni kovu tu, bado jiulize kwa uaminifu kama chumba chako kina mtu wa kulimaliza. Jaribio la nusu huongeza kovu jingine kwa atakayefuata, na mgonjwa ndiye anayelilipia.

Dalili: kitanzi kinateleza, hakikamati

Mara nyingi ni mkao. Vifaa hutoka kwenye ncha ya skopu upande wa chini wa picha, kati ya namba 5 na namba 6 za uso wa saa, kwa hiyo zungusha skopu mpaka uvimbe uje hapo. Uvimbe ukibaki juu, kwenye namba 12, hakuna kitanzi kitakachokuokoa.

Baada ya mkao, angalia hewa. Utumbo uliojazwa hewa hutanuka, ukuta hukaza, na uvimbe bapa huwa bapa zaidi. Nyonya hewa kidogo kitanzi kikiwa wazi juu ya uvimbe, ukibonyeze chini, kisha kifungwe polepole. Lengelenge lililojazwa kupita kiasi nalo huteleza. Dunga kiasi cha sehemu unayokata sasa, si cha uvimbe mzima kwa mara moja.

Kisha ndiyo ufikirie kitanzi. Waya mgumu wa kusokotwa hushika uvimbe bapa kuliko waya laini, na kitanzi cha milimita 15 mara nyingi hutawaliwa vizuri kuliko cha 25 kwenye kona. Ikiwa bado kinaruka, toboa tundu dogo la utando kwa ncha ya kitanzi upande wa mbali wa uvimbe, simika ncha humo, kisha fungua kitanzi kikiwa kimetia nanga. Njia nyingine nzuri ni ya chini ya maji, iliyoelezwa na Binmoeller na wenzake mwaka 2012: hewa inaondolewa, utumbo unajazwa maji, uvimbe unaelea wenyewe kuelekea kwenye uwazi na kukamatwa bila kudungwa. Naipenda hasa kwa mabaki yaliyoota juu ya kovu, ambako sindano hazina msaada.

Kunyonya uvimbe ndani ya kofia kabla ya kuufunga kwa kitanzi kunajaribu moyo kwa sababu kunafanya kazi upesi. Kwenye utumbo mpana ukuta ni mwembamba na msuli huingia pamoja na uvimbe. Asiyefundishwa njia hiyo asiijaribu kwa mgonjwa.

Dalili: kitanzi kimefungwa, umeme unapita, nyama haikatiki

ONDOA MGUU KWENYE KANYAGIO KWANZA. Kisha pima mambo matatu. Tikisa kitanzi: nyama iliyokamatwa inapaswa kucheza huku na huku bila kuuvuta ukuta mzima. Angalia mpini: kitanzi kilichoshika utando peke yake hufungika karibu kabisa, pengo kati ya kidole gumba na vidole vingine likiwa chini ya sentimita 1. Hesabu midundo ya umeme: nyama ya kawaida hukatika ndani ya midundo 1 hadi 3. Moja likikosekana, chukulia kwamba umeshika msuli. Legeza kitanzi nusu, inua uvimbe mbali na ukuta, ongeza kidogo gesi inayotanua utumbo ili msuli urudi nyuma, funga tena na upime upya.

Yote matatu yakiwa sawa, sasa angalia umeme kama ilivyoelezwa kwenye kisu hapa chini. Wakati mwingine ni kebo tu iliyochomoka nusu.

Kwa kitanzi baridi, kisichotumia umeme, kukwama kuna maana nyingine. Uzi mweupe wa tabaka la kati umebanwa ndani ya waya. Vuta kitanzi taratibu kuelekea kwenye skopu, au kilegeze kidogo na kukifunga tena. Usiunganishe umeme ili "kumalizia" nyama nene usiyoiona. Na kama uvimbe unazidi milimita 10 na umeshikwa wote kwa mkupuo mmoja, kukwama ni jambo la kutarajiwa, fungua, gawanya.

Dalili: kisu cha ESD hakikati, au kinaunguza badala ya kukata

Malalamiko haya hujirudia kuliko mengine, na karibu kila mara mtu hukimbilia kuongeza nguvu ya mashine. Usifanye hivyo. Nguvu iliyoongezwa bila kujua chanzo itafika yote kwenye msuli siku kebo itakaposhika vizuri.

Anza kwa yale yanayochukua sekunde. Kanyagio la njano ni la kukata, la buluu ni la kugandisha. Je, mguu uko wapi? Hali iliyochaguliwa kwenye mashine ni ya kisu au ya kitanzi? Hali za kukata kwa midundo zimetenganishwa kwa sababu kisu na kitanzi hugusa nyama kwa eneo tofauti. Kebo imesukumwa mpaka mwisho pande zote mbili? Ncha ya kisu imetoka kweli?

Kisha tazama ncha. Masizi ya nyama iliyoungua huizuia isipitishe umeme sawasawa, na nyama hunata badala ya kukatika. Toa kisu, kifute kwa shashi yenye maji. Usikikwangue kwa wembe. Fanya hivyo mara kwa mara bila kusubiri dalili. Kwangu hii ndiyo tabia rahisi inayobadilisha ESD kuliko kununua kisu kipya.

Tatu, je, ncha imezama? Maji ya chumvi hupitisha umeme, hivyo dimbwi la maji ya chumvi hutawanya nguvu kabla haijafika kwenye nyama. Nyonya dimbwi, au geuza mgonjwa. Wanaochuna chini ya maji ya chumvi kwa makusudi hupanga mashine yao kwa kazi hiyo, na mipangilio yao haifai kuigwa ukiwa kwenye gesi.

Nne, je, nyama imekazwa? Kisu hukata nyama iliyovutika. Nyama iliyolegea husukumwa na kuungua. Hapo tatizo ni la mvuto, na lina sehemu yake hapa chini.

Tano, pedi ya kurudishia umeme. Iwe imeshika yote kwenye eneo lenye msuli mnene, kama paja au tako, ngozi ikiwa kavu na bila nywele nyingi. Isiwe juu ya mfupa, kovu kubwa au chuma kilichopandikizwa. Pedi zilizogawanyika sehemu mbili huiwezesha mashine kupima mgusano; king'ora kikilia, amini king'ora. Usiipige mkanda pedi ya zamani iliyobanduka. Weka mpya.

Mwisho kabisa ni kisu chenyewe: ncha iliyopinda, au ala ya plastiki iliyopasuka. Kwa utumbo mpana tumia ncha fupi. Visu vingi vya aina hii huja na ncha ya milimita 1.5 kwa utumbo na 2 kwa tumbo la chakula, na pakiti zake hufanana. Soma pakiti kabla ya kuipasua.

SIMAMA na uite fundi wa vifaa tiba ukiona alama nyeupe za kuungua mbali na ncha, cheche zikitoka pembeni mwa kebo, misuli ya mgonjwa ikiruka kila unapokanyaga, au mashine ikijizima. Mgonjwa mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo anahitaji mpango ulioandikwa na daktari wa moyo kabla ya umeme kuwashwa, na mpango huo hautengenezwi katikati ya kazi.

ONYO LA MLIPUKO. Utumbo usiosafishwa vizuri huwa na haidrojeni na methani. Haidrojeni hulipuka ikifika takribani asilimia 4 hewani, methani takribani asilimia 5. Ukikuta kinyesi, usikanyage. Manitoli, aina ya sukari, isitumike kusafishia utumbo utakaotumiwa umeme, kwa sababu bakteria huichachusha na kutoa haidrojeni. Kusafisha kwa enema peke yake hakutoshi kwa kazi ya umeme, wala ya plazma ya agoni (kuchoma nyama kwa umeme unaopitishwa kwenye gesi ya agoni), hata ikiwa uvimbe upo kwenye puru: gesi za juu hushuka.

Dalili: umekata ukingo, lakini tabaka la kati halifunguki

Mchunaji hana mkono wa pili ndani ya utumbo. Kila kifaa cha kuvutia kilichobuniwa kinajaribu kumpa mkono huo.

Jaribu kwanza kisicho na gharama: uzito wa nyama yenyewe. Angalia majimaji yanatuama wapi kwenye picha. Huko ndiko chini. Mgeuze mgonjwa mpaka uvimbe uwe juu, upande wa pili wa dimbwi, ili ukingo uliokatwa uning'inie na kujifungua kwa uzito wake. Watu huona uvivu kumgeuza mgonjwa aliyelala usingizi wa dawa, kisha huhangaika kwa muda mrefu na jambo ambalo lingeisha kwa kumgeuza.

Pili, kofia ya plastiki iliyo wazi kwenye ncha ya skopu. Inaingia chini ya ukingo na kuuinua huku ikiweka lenzi mbali kidogo na nyama. Kofia yenye mdomo mwembamba huingia mahali penye kovu, ila hupunguza upana wa picha. Ikichomoka, mara nyingi ilikuwa ya kipimo kisicho sahihi au ilivikwa skopu ikiwa na mafuta ya kulainisha. Ikiangukia ndani, itoe kwa koleo au wavu mara moja, kabla ya kuendelea.

Tatu, klipu ya kuvutia. Klipu yenye uzi ni rahisi, lakini skopu lazima itolewe ili uzi ufungwe kisha irudishwe, na uzi huvuta upande mmoja tu, kuelekea mkunduni. Kwa hiyo ni nzuri kwenye puru na sehemu ya chini ya utumbo, na ni mateso upande wa kulia. Juu zaidi tumia klipu yenye springi ndogo au pete ya mpira: klipu ya kwanza inashika ukingo wa uvimbe, ya pili inashikiza springi au mpira kwenye ukuta wa upande wa pili.

Klipu ikichanika na kuondoka, ilishika ukingo mwembamba wa utando peke yake; kata zaidi kidogo ukingoni, ipate nyama ya tabaka la kati pia. Mvuto ukiwa mdogo, ongeza gesi: utumbo ukitanuka, ukuta wa pili unasogea mbali na springi inakaza. Mvuto ukizidi, nyonya gesi. Watu wengi hawatambui kwamba wanaweza kurekebisha kamba hiyo kwa kidole cha hewa, bila kugusa klipu.

Mvuto mzuri una hatari yake. Unapovuta uvimbe, msuli nao unaweza kuinuka kama hema, na kisu kinachokwenda sambamba na ulivyozoea kitaukata mlingoti wake. Tafuta nyuzi za msuli kwanza, chuna juu yake tu, ukifuata umbo lake linavyopanda. Ukiona msuli umevutwa na kunata kwenye kitako cha uvimbe, huku hakuna nafasi ya buluu katikati, SIMAMA. Ishara hiyo huambatana na saratani iliyozama, na kuchana hapo ni kutoboa utumbo. Muite aliyekuzidi uzoefu atazame picha kabla hujachagua njia.

Kazi ikiisha kipande kikabaki kimefungwa ukutani, kata mpira au kitanzi kidogo cha springi upande wa klipu ya ukutani. Usikivute kwa nguvu. Utararua ukuta mzima usio na shida.

Dalili: picha imefifia

Ukungu, moshi, mafuta. Osha lenzi, ongeza maji ya uvuguvugu kwenye pampu ya maji, nyonya moshi. Mafuta ya tabaka la kati hurukia lenzi na hayaondoki kwa maji peke yake: toa skopu, futa, paka dawa ya kuzuia ukungu. Kama pampu ya maji ina nguvu ndogo, angalia vali ya upande mmoja. Husahaulika baada ya usafishaji.

Dalili: damu haikomi

Tafuta mahali damu inapotokea kabla ya kuchoma. Tumia maji ya pampu, na damu ikichanganyika na maji kuwa wingu jekundu, jeli angavu inayosukumwa kupitia mfereji wa vifaa husogeza damu pembeni bila kuchanganyika nayo. Mshipa mdogo uguswe kwa ncha ya kisu iliyorudishwa ndani. Mshipa mkubwa ushikwe kwa koleo la kuzuia damu. Thibitisha kwa maji kwamba damu imekoma kabla ya umeme, inua koleo mbali na ukuta, kisha tumia hali ya kugandisha laini, ambayo volteji yake huwekewa kikomo ili isitoe cheche. Koleo likishika na damu bado inatoka, umeshika pasipo. Achia.

Klipu katikati ya ESD iwe chaguo la mwisho: huziba njia ya kisu, na kisu au kitanzi kikigusa chuma hicho, umeme hupita mahali usipotaka.

ITA MSAADA mapigo yakipanda na shinikizo la damu likishuka, au ikiwa mmejaribu kwa utaratibu na damu bado inatoka kwa msukumo. Mtu mwingine asimamie mgonjwa. Daktari mwenye skopu hawezi kufanya yote mawili.

Dalili: skopu haitulii, au kifaa kikubwa hakipiti kona

Nyoosha mzunguko wa skopu kwanza, kwani skopu iliyojikunja tumboni hurudi nyuma kila unaposukuma. Skopu ya tumbo la chakula, fupi na yenye kupinda zaidi, inatosha kwa puru na sehemu ya chini. Mrija wa nje wenye maputo mawili huushikilia utumbo mbele na nyuma ya uvimbe na kutengeneza chumba tulivu. Puto la mbele pia linaweza kusukumwa kuvuta ukuta. Hitilafu yake ya kawaida ni kusukuma mrija puto likiwa limejaa. KAMWE. Toa hewa, thibitisha kwa bomba, laini mrija, ndipo usogee.

Kifaa cha kukata ukuta mzima, chenye klipu kubwa juu ya kofia nene, hukwama kwenye kona za utumbo. Pitisha kwanza kofia ya majaribio. Isipopita, usifungue kifaa chenyewe. Uvimbe uvutwe ndani kwa koleo, usinyonywe, maana kunyonya huweza kuleta kiungo jirani. Na kitanzi kisifungwe kabla ya kuona kwamba klipu imeruka na kushika sawasawa. Kukata bila klipu kushika ni kufungua tundu.

Dalili: kifaa hakipiti kwenye mfereji wa skopu

Nyoosha ncha ya skopu, sukuma kifaa, kisha pinda tena. Soma vipimo: skopu nyingi za utumbo zina mfereji wa milimita 3.7 au 3.2, za tumbo la chakula mara nyingi 2.8, na si kila kifaa kinaingia kote. Hakikisha sindano au klipu imefungwa. Usilazimishe. Mfereji uliochanika huingiza majimaji ndani ya skopu, na vijidudu hujificha humo pasipofikiwa na dawa. Ukihisi umekwaruza, fanya kipimo cha kuvuja kabla ya kuosha na skopu isitumike mpaka fundi aiidhinishe.

Dalili: tumbo la mgonjwa limekakamaa katikati ya kazi

Gusa tumbo kila baada ya muda. Hili halihitaji kifaa. Sababu nyepesi ni hewa ya kawaida inayoingia pamoja na kaboni dioksidi kwa sababu pampu ya hewa kwenye chanzo cha mwanga haikuzimwa. Izime. Kaboni dioksidi hufyonzwa upesi na hupumuliwa nje, hewa hubaki. Angalia pia kama mtungi umefunguliwa na chupa ya maji ni ya gesi hiyo.

Tumbo likibaki gumu, kagua kidonda. Duara jeupe lenye nyuzi katikati ya buluu, kwenye kidonda au chini ya kipande kilichotoka, ni msuli uliokatwa. Tundu dogo lililoonekana mapema hufungwa kwa klipu, ukichuna kwanza nafasi ya kutosha pembeni kama bado hujamaliza. Mpe mgonjwa antibiotiki, punguza gesi, mjulishe daktari wa upasuaji wakati huo huo, si kesho. Mgonjwa akianza kupumua kwa shida na shinikizo la damu kushuka, gesi iliyo nje ya utumbo inabana: acha kazi, na anayejua kutoa gesi tumboni kwa sindano afanye mara moja.

Dalili: kipande kimepotea, au maabara inakilalamikia

Kikamate kwa wavu kabla ya kuhamia eneo jingine. Kikipotea, tafuta kwenye dimbwi la majimaji, sehemu ya chini zaidi. Vipande vya EMR vihesabiwe. Kipande kizima cha ESD kitandazwe kwenye ubao, utando telezi ukitazama juu, kibanwe kwa pini nyembamba ukingoni pote, kiandikwe upande wa juu na wa chini, kisha kizamishwe kwenye fomalini ya asilimia 10 kikiwa bado kibichi. Kikiachwa kijikunje, mwanapatholojia hawezi kupima kina wala ukingo, na swali la kama mgonjwa amepona litabaki bila jibu.

Baada ya EMR ya vipande kwa uvimbe wa milimita 20 au zaidi, ukingo wa kidonda uguswe wote kwa ncha ya kitanzi katika hali ya kugandisha laini. Utafiti wa Klein na wenzake uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha uvimbe ukirudi kwa asilimia 5.2 ya waliotibiwa hivyo, dhidi ya 21 ya wasiotibiwa. Ukingo ugeuke mweupe kidogo, si mweusi. Ukiona mweusi, hali iliyochaguliwa kwenye mashine siyo.